Pua Yangu na Sufuria ya Mama Alimasi

Kilio kinataka mtu anayejua kukaa, na mimi kukaa sikujaliwa. Juzi huko Fizi, juu kwenye baridi, niliketi mkekani na wanawake wengine ndani ya nyumba ya marehemu Mama Alimasi, na kabla chai haijamaliza kuzunguka nilikuwa nimekwisha kuinuka mara nne: kuangalia maji, kuangalia mvua, kuangalia kama pikipiki iliyonipandisha kutoka Baraka imeondoka, na mara ya nne sikuwa hata na kisingizio. "Mapenzi, kaa chini, unatuchokesha macho," mama mmoja akanigombeza. Nikakaa, lakini vidole vya miguu viliendelea na safari yao. Mama Alimasi alikuwa mama wa shemeji yangu, yule aliyemwoa dada yangu. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila tulipokutana, sokoni, kanisani, hata kwenye harusi mbele za watu, alinisalimia kwa neno moja tu: "Mapenzi, pua iko namna gani?" Nami nilijibu, "Iko, mama." Watu walicheka wakidhani nina ugonjwa wa mafua. Sasa amekufa, na lile jibu jingine, lile nililopaswa kumpa tangu mwanzo, bado limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mchana huo huo Sifa akafika kutoka Uvira. Sifa ni mtoto wa dada yangu, mjukuu wa marehemu, na mimi ndiye niliyemlea. Naye sasa ana mtoto wake wa miezi miwili mgongoni. Alijifungua kwa kupasuliwa, maziwa yake hayatoshi, na waganga wa hospitali wamemwambia aongezee kwa maziwa ya kopo. Basi alikuja na mkoba wa nguo na katoni moja kubwa aliyoibeba yeye mwenyewe mapajani toka Uvira, Makobola yote, Baraka yote, mlima wote, hakumwachia mtu. Ndani ya katoni mlikuwa na kitu cheupe, cha mviringo, chenye kifuniko cha plastiki na waya. Chupa sita zinasimama ndani yake kwa duara, zinachemshwa kwa mvuke, kengele inalia, basi. Alikichagua kwa wiki tatu kwenye simu, akisoma maoni ya wanawake wa nchi asizozijua. "Mama mudogo, huku kuko umeme?" akaniuliza. "Kuko jua na kuko makala ya kuwasha," nikamjibu, "uchague." Akacheka kidogo, halafu akaangalia chupa zake, akaangalia mtoto, na cheko likamwisha. Nilimwona anavyozigeuzageuza zile chupa mkononi, akifungua, akifunga, akinusa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka ule ukanijia wote, na harufu yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumerudi Baraka kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania miezi michache tu, ndiyo maana Kiswahili changu cha kuandika ni cha kambini, na cha kugombana ni cha Baraka. Dada yangu, Yaya Faida, alijifungua hospitalini, akamwona mtoto, akampa jina, na siku ya pili damu ikamwishia. Waganga walimpigania mpaka mwisho. Sina la kuwalaumu. Shemeji Alimasi alilia, akazika, akakaa siku za kilio, kisha akaenda Uvira kutafuta kazi. Mama yake, aliyekuwa ameshuka kutoka Fizi kwa ajili ya maziko, akabaki pale nyumbani. Hakuna aliyemwambia abaki. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na macho ya kukutazama mpaka usahau ulichokuwa unasema. Alilala chumba cha mbele kwenye mkeka, mimi na mtoto chumba cha nyuma, chini ya turubai lililokuwa linapigapiga upepo kutwa. Mtoto ni wa kwao, kila mtu alijua hivyo. Nikishindwa kumlisha, angebebwa kupandishwa Fizi, nami sijui kama angefika. Hilo nililiwaza nikila, nikioga, nikitembea. Nilikuwa nikimshika mtoto hivi, natembea toka mlangoni hadi kwenye ua, toka kwenye ua hadi mlangoni, siwezi kutulia hata dakika moja.

Muuguzi wa maternite, kule wodi ya wazazi, Mama Ester tumwite, alinifundisha kabla hatujatoka hospitalini. Alikuwa na kikombe kidogo cha chuma. Akamkalisha Sifa kwenye mkono wake, akagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, akangoja. Mtoto akatoa ulimi, akaramba, akaramba tena. "Unaona? Acha akunywe mwenyewe, usimumwangiye," akasema. "Kikombe, unakiosha na sabuni, unakipitisha maji ya kuchemka, kimekwisha. Biberoni iko na pembe mingi, uchafu unajificha mule. Umesikia, mwanangu?" Nikasema nimesikia. Uongo mtupu. Moyoni nilikuwa nasema: mtoto wa dada yangu arambe maziwa kama paka? Wenzake wote wako kifuani, wanavuta, wanashiba, wanalala mdomo wazi, na huyu wangu arambe? Nilitaka anyonye. Ni hilo tu. Nilifikiri akinyonya hatajua kwamba amefiwa.

Kesho yake nikaenda sokoni. Nimekwisha kununua vitu vingi maishani, hata pikipiki nimenunua, lakini sijawahi kusimama mbele ya kitu kwa muda mrefu vile. Mwenye duka alikuwa na biberoni, chupa za kunyonyeshea, aina tatu, zilizovuka ziwa kutoka Kigoma. Moja ya kioo, nzito, ambayo ukiiweka kwenye maji ya moto vibaya inapasuka. Moja ya plastiki yenye masikio mawili na picha ya dubu, chuchu yake nyeupe inayopitisha mwanga. Na moja ya plastiki isiyo na picha, lakini chuchu yake ya mpira wa rangi ya kahawia, laini, nzito kidogo. Nikazibonyeza zote. Nikatoka, nikaenda hadi kwa wauza mihogo, nikarudi. Mwenye duka akaniambia, "Dada, biberoni haiko bwana ya kukuoa, hauwezi kuichunguza hivi." Wanawake waliokuwa pale wakacheka. Nikachukua ile ya chuchu ya kahawia, kwa sababu ilikuwa na rangi yetu. Nilidhani mtoto atadanganyika.

Nyumbani nilikuwa na utaratibu mkali kuliko wa hospitali. Kila asubuhi mbabula, jiko letu la makaa, inawashwa, maji yanachemka, chupa na chuchu zinatumbukizwa, nahesabu mpaka nichoke, natoa kwa uma, nafunga ndani ya kitenge kisafi, na kitenge kile nakibana kwapani. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Mama Alimasi alinyoosha mkono mara moja kutaka kunisaidia, nikajifanya sijaona. Tulikuwa na sufuria moja ya maana. Nikimaliza kuchemsha chupa, humo humo unapikwa mchana wetu, na mchana wetu ulikuwa ule ule wa ndagala, dagaa wa ziwa letu: ndagala wa mawese, sombe ya majani ya mihogo na ndagala, au ndagala watupu na bugali. Nayo sufuria nilikuwa naisugua kwa jivu na mchanga mpaka unajiona uso. Nilijisifu kwa usafi ule. Dada yangu angekuwa hai, nilijiambia, hata yeye asingefanya hivi.

Sifa akaikataa. Akagusa chuchu kwa ulimi, akakunja uso mzima, akageuza kichwa na kulia. Nikamngoja, nikamrudishia, akakataa. Nikatoboa tundu zaidi kwa sindano ya moto, maziwa yakatiririka, akapaliwa. Nikaimba, nikacheza, nikamfunika macho. Alikuwa anakunywa kidogo sana, njaa ikimshinda nguvu, na nusu anatema. Baada ya siku tano mikunjo ya mapaja yake ilikuwa imepotea. Nikambeba mbio hospitalini, na pale Mama Ester akamchukua, akamkalisha, akaleta kikombe, na mtoto, haki ya Mungu, akamaliza kikombe kizima akataka kingine! "Lakini mutoto haiko mugonjwa," akasema Mama Ester akinitazama. "Kule nyumbani unamupa namna gani?" Nikamjibu, "Kwa kikombe, mama." Nilimtazama usoni nikasema hivyo. Angejua ukweli siku ile, mambo yote yangeishia palepale, lakini niliona haya, na haya ya mtu wa miaka kumi na tisa ni ugonjwa.

Hivyo ikawa mara tatu. Hospitalini anakunywa, nyumbani anakataa. Mtu mwingine angejiuliza juu ya chupa. Sisi hatukujiuliza juu ya chupa. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo za mtoto nikawasikia majirani wawili upande wa pili wa ua wa matete, wanachambua sombe na hawajui kama nipo. Mmoja alikuwa Mama Etabo, mwanamke mwema kabisa, aliyetuletea kuni wakati wa kilio. "Hospitalini inakunywa, hapa inakataa," alisema. "We unaona je?" Mwenzake akatupa jani bovu. "Hospitalini, yule mukoko, bibi yake, haingiaka." "Njo vile!" Mama Etabo akadakia. "Mama yake ameenda, sasa anataka na mutoto. Kikulacho kiko mu nguo yako." Nguo zikanidondoka mikononi. Nilipaswa kucheka, au kukasirika. Badala yake nilihisi raha, nasema kweli, raha ya mtu aliyetuliwa mzigo, kwa sababu kama ni Mama Alimasi basi si mimi. Kuanzia pale kila alichofanya yule mama kilinithibitishia. Akikohoa mtoto akilia, ni yeye. Akinyamaza, ndiyo zaidi. Nilikuwa nahamisha mtoto toka kona hii kwenda kona ile nisimruhusu macho yake yamfikie.

Tena nilijua yanayowapata wazee wakishaitwa wachawi. Huku kwetu kila mtu anajua. Sikuwa mtoto.

Ilikuwa mchana, jua kali, ndagala wameanikwa njia nzima. Sifa alikuwa amekataa tangu asubuhi na sasa halii tena, analegea tu, kinywa kimekauka. Mama Alimasi akatoka chumba cha mbele, akaja akasimama juu yangu, akasema, "Mulete mi nimubebe kidogo, we upumzike." Nikaruka kama niliyemwagiwa uji. "Usimuguse!" nikapiga kelele. "Ulimaliza yaya yangu, sasa unataka na huyu? Muchawi! Mwache! Muchawi!" Nililisema mara mbili, au tatu. Mama Etabo akatokea na kisu chake cha sombe mkononi, watu wa njia nzima wakasimama, na vijana wawili waliokuwa wanatengeneza baiskeli wakaweka vifaa chini, wakaja hadi kwenye ua wetu. Walisimama wakamtazama yule mama jinsi watu wanavyotazama mti wanaotaka kuukata. Nilitamani nirudishe neno lile tumboni, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mama Alimasi hakukimbia, hakulia, hakuapa kwa Mungu. Aliinama, akaichomoa chupa kwapani mwangu, kitenge na vyote, kabla sijajua la kufanya. Akafungua kitenge. Akaipeleka chuchu puani akanusa. Akanusa mara ya pili. Kisha, mbele ya watu wote wale, yule mwanamke mkavu wa miaka sitini akaiweka chuchu mdomoni akanyonya. Akatema pembeni. "Munachemusha hii kitu wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha kwa kidevu: sufuria ilikuwa palepale juu ya mbabula, ndagala wa mchana wanatokota na mawese yao. Akaiangalia sufuria. Akaniangalia mimi. "Aka! Mutoto wa siku kumi na tano, munamupa chuchu ya ndagala," akasema. "Huyu mutoto iko na akili kuliko nyinyi bote. Nusa." Nikanusa. Naapa sikusikia kitu. Akamwita Mama Etabo, akanusa, hakusikia. Sisi wa Baraka tunalala na ndagala, tunaamka nao, nguo, nywele, Biblia, vyote vinanuka ndagala; nani atawasikia? Yeye alikuwa mtu wa mlimani, na kule ndagala wakifika mtu anawajua wakiwa bado njiani. "Ndiyo, munasugua na jivu," akasema, "lakini mupira inakunywa harufu. Mutoto anajua harufu ya maziwa. Hii haiko maziwa."

Mmoja wa wale vijana akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ua, mwenzake naye akamfuata, na Mama Etabo, na wapita njia, na vijana wakarudi kwenye baiskeli yao. Kicheko kile ndicho kilichomwokoa. Mimi sikucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Alimasi akaingia ndani akatoka na kikombe chake cha chai, akamwagia maji ya moto, akamchukua Sifa mikononi mwangu, na safari hii sikuwa na nguvu ya kukataa. Akamkalisha kama alivyofanya Mama Ester, ingawa hakuna aliyemwonyesha. Mtoto akaramba. Akaramba, akapumzika, akaramba, mpaka maziwa yakaisha, akajamba, akalala. Kisha yule mama akajifunga kitenge kiunoni akaenda sokoni kwa miguu, akarudi na sufuria ndogo ya aluminiamu yenye kifuniko. Akapigilia msumari juu ukutani, pale ambapo mimi nisingefika bila kupanda kiti. "Hii haipikiwe," akasema. "Hata chumvi haiiguse."

Akakaa nasi mwaka mzima. Tulitumia kikombe kwanza. Baadaye, chuchu mpya iliponunuliwa, chupa pia kidogo, kwa sababu aliniona ninavyoitamani, akaniachia. Kila asubuhi alichemsha yeye, mbabula yake mwenyewe, mbali na jiko la ndagala, mgongo amewageuzia samaki kama watu waliogombana. Jioni alimpakata Sifa, ananiuliza mambo ya kambini, ananicheka ninavyosema "mtoto" badala ya "mutoto". Tulikula pamoja, tulipukuchua mahindi pamoja, nilimsuka nywele zake chache. Yote tulizungumza isipokuwa lile. Mara nyingi nilianza, "Mama, ile siku..." naye akanikata: "Mapenzi, pua iko namna gani?" Nikachukulia kwamba hataki nitaje. Ilinifaa kuchukulia hivyo. Sifa alipoanza kula bugali, Mama Alimasi akachukua sufuria yake toka msumarini, akapanda Fizi. Mtoto akaniachia.

Basi juzi kule kilioni masufuria yote yalikuwa motoni, ya maharage, ya bugali, na moja, bila shaka, ya ndagala. Mtoto wa Sifa alianza kulia njaa na ile mashine nyeupe imekaa kwenye katoni yake bila umeme. Nikainuka mara ya tano, safari hii nikiwa na sababu, nikaanza kuomba sufuria kwa majirani. "Mama mudogo, acha," Sifa akaniambia. Akaingia chumbani kwa koko yake, bibi yake marehemu, nikasikia kiti kikivutwa, akatoka na sufuria ndogo ya aluminiamu, kifuniko kimefungwa na kitambaa. "Sufuria yangu," akasema. "Ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda yake siku zote. Bajukuu bote banaijua, haipikiwe." Nikamvuta pembeni, nyuma ya nyumba, nikamwambia yote kwa mpigo mmoja, bila kupumua: Sifa, koko yako mi nilimwita muchawi, mbele ya watu, walikuwa karibu kumuua, na sikumwomba msamaha mpaka amekufa.

Sifa alikuwa anafungua kile kitambaa. Hata hakuinua kichwa. "Najua," akasema. "Alinielezaka zamani. Alisema ulinipenda mupaka pua ikafungana." Akakikunja kitambaa. "Alikuwa anangojea uje umuombe msamaha," akaendelea, "kusudi akucheke vizuri. Kila ukikuja alijaribu kukukumbusha. Anasema: leo nilimuuliza tena, akakimbia tena."

Akaninyooshea sufuria. "Nusa kwanza, mama mudogo." Nikaishika kwa mikono miwili, nikaingiza uso wote. Ilinuka aluminiamu na vumbi kidogo, na basi. Nilibaki mle ndani zaidi ya inavyotakiwa, kwa sababu machozi yalikuwa yamenianza na sikutaka wanawake wa mkekani waone. "Pua iko, mama," nikasema, na sufuria ikanirudishia sauti yangu. "Unisamehe." Kisha nikaisuuza, nikatia maji, nikaiteleka kwenye mbabula mbali na ndagala, nikakaa chini kando yake. Sikuinuka mpaka maji yalipochemka.